Uzinduzi wa Mpira wa Mlango wa Bafu, Resti Hausi ya Newala

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Walter, mnunuzi wa korosho zetu, uliyekuja kwa vumbi lote lile kutoka Dar es Salaam, Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa aliyekuwa Diwani, Kanoni Cecil na mama Kanoni, Shehe Ashraf, watendaji wa kata mliofika na mnaoendelea kufika, viongozi wa chama, na wa vyama vingine, ambavyo siku hizi navyo tunavitambua, wazee wangu, shikamooni. (Marahaba.) Itifaki imezingatiwa, na asiyetajwa ajihesabu ametajwa.

Mimi, Cuthbert, Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Uboreshaji wa Bafu la Wageni, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao umesifiwa hadi Mtwara. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu wananchi, soko huria lilipoingia nchini halikutuacha nyuma sisi wa huku mlimani, kwani ni katika resti hausi hii lilipofungwa bafu la kioo lenye mlango uliopinda, la kwanza katika ukanda huu, ingawa wapo waliodhani ni kabati la vyombo. (Kicheko.) Ni kweli kwamba bomba la mvua la humo ndani halijatoa tone tangu lifungwe. Suala la maji liko kwenye kamati nyingine. Mgeni huingia na ndoo na kopo kama sisi sote, isipokuwa yeye anajimwagia akiwa ndani ya kioo. Hayo ndiyo maendeleo.

Sasa, ule mpira wa chini ya mlango, unaozuia maji yasitoke, ulikauka ukapasuka kama kisigino cha kiangazi, na maji yakawa yanahamia korido. Maji ya Newala, ndugu zangu, yanayopanda mlima kichwani mwa mama! (Kweli, kweli.) Mwezi wa saba ofisa mmoja aliteleza akakalia faili lake mwenyewe. Serikali haiwezi kukaliwa hivyo. Siku ileile tulimsimamisha kazi mtunzaji wa resti hausi, Mama Huruma, yule pale nyuma mwenye kitenge cha bluu, pasipo mshahara, na nikamwambia kwa kinywa changu kwamba siku mpira utakapobadilishwa atarudi kazini. (Minong'ono. Sauti ya mwanamke: Na ana watoto wanne.) Takwimu hizo tunazo, mama.

Kamati haikulala. Tulifanya fizibiliti stadi. Tulifanya semina ya siku tatu kule Masasi, mada ikiwa "Mpira kama Sekta Mtambuka", pamoja na wadau wa mpira wa miguu, walioalikwa kwa bahati mbaya wakachangia vizuri sana. Tulifanya ziara ya mafunzo Tandahimba, ambako hakuna bafu la namna hii, ili tujionee athari za kutokuwa nalo. Katika utafiti wetu, asilimia tisini na nne ya wananchi walisema wako tayari kuupokea mpira, na asilimia sita waliuliza kama unapikwa na nazi. Ndipo tukapima mlango kwa rula ya shule ya msingi. Rula ikakataa kupinda. Kikao kizima tulijadili iwapo tupinde rula au tunyooshe mlango, tukapiga kura, na kwa kura nne dhidi ya tatu ikapitishwa kunyoosha mlango. (Kicheko kirefu.) Msicheke, hiyo ndiyo demokrasia tuliyokuwa tunaililia.

Na leo, je? Leo asubuhi mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nimemwaga ndoo nzima mle bafuni, na koridoni halikufika hata tone. (Makofi. Vigelegele.) Bwana Walter, maji yako yako jikoni yanachemka. Wewe utaoga, sisi tutakula, na msimu wa korosho utafunguliwa na mtu msafi.

(Mzee Erasto, mchonga vinyago, anauliza kutoka kwenye benchi mpira huo umenunuliwa duka gani.) Mzee Erasto, shikamoo. Swali lako ni zuri na litajibiwa kwa maandishi.

Mpira hoyee! (Hoyee!) Maji ndani! (Ndani!) Korido kavu! (Kavu!)

Kwa kumalizia, naishukuru kamati kwa vikao kumi na saba. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, namshukuru Mama Huruma, ambaye Jumapili iliyopita, baada ya misa, aliingia bafuni, akapima ule mlango kwa kamba ya mgomba, ambayo ilipinda nao bila kupigiwa kura, akakata tyubu ya baiskeli ya marehemu mumewe, akaibandika kwa gundi ya viraka. Bila yeye leo tusingekuwa na kitu cha kuzindua, maana mpira wenyewe kamati haijauagiza, haijauona, wala, niseme kweli mbele ya Kanoni, haijakubaliana unaitwaje. Hata hivyo, ametengeneza pasipo kibali, na mpira haukubadilishwa na kamati, kwa hiyo masharti ya kumrudisha kazini hayajatimia. Ataendelea kusimama. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama Huruma anapita mbele ya meza kuu, anamwamkia Kanoni, anaingia ndani. Anatoka na tyubu imening'inia mkononi, inachuruzika. Mgeni rasmi, taulo begani, anauliza kuna nini.)

Hakuna kitu, Bwana Walter, keti kidogo. Mama Huruma. Dada yangu, usifike huko, tunaongea. Basi, kwa mamlaka niliyopewa, umerudishwa kazini kuanzia saa hii, na mshahara wa miezi yote uliyosimama. (Makofi. Mama Huruma hasogei. "Iandike kwanza, Mheshimiwa.") Naam. Bila shaka. Ndugu wajumbe wa kamati, nani ana kalamu?