Gari Lililofundishwa Kunyamaza

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe ametangaza. Jumapili anakwenda kwenye sherehe ya kukatwa nywele kwa kitukuu chake, Bilguun, aliyetimiza miaka mitatu. Kilomita sitini na mbili. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, mkasi unaanzia kwake. Na atapanda gari la Zundui.

La Zundui! Mtoto ni mjukuu wangu mimi. Zundui ni mwanyumba wangu tu, kamwoa mdogo wa mke wangu.

Mke wangu Norjmaa ndiye aliyeniletea sababu. Mama anasema ndani ya gari la Zundui unasikia mtu akitafuna. Ndani ya letu husikii hata radi. Tena kule wanaimba. Mwezi jana waliimba hadi mjini na kurudi.

Miaka kumi na minne nimemsafirisha mama yule. Hajawahi kuniimbia hata ubeti mmoja.

Gari langu nililiunda kwa mikono hii, kutoka magari matatu ya Kirusi yaliyokufa. Zundui lake la Kijapani alilinunua. Kununua, nani hawezi?

Nimepima kwa simu. Kuna kitu humo kinahesabu kelele, kipimo chake desibeli. Mwendo wa sitini, gari langu: 88. Kisha nikamwomba Zundui lifti hadi kisimani, simu mfukoni. 66. Nyamafu yule. Ila mfuko wa joho ni mzito, huenda ni 67.

Tofauti, 22. Siku kabla ya Jumapili, sita. Chini ya nne kwa siku. Inawezekana.

Jumanne, 11 Juni

Upepo kwanza. Nimekagua milango. Mipira yake ilikufa zamani, mwingine aliula mbuzi. Chini ya klachi kuna tundu linalopitisha ngumi. Tundu hilo nalijua, humwagia makapi ya chai. Nimeliziba kwa bati. Inauma.

Zundui akatokea bila kuitwa. Akainama, akagonga bodi hapa na pale kama daktari. Akasema kelele ya gari si moja, ni nyingi ndogondogo, ziba matundu kwanza ndipo utasikia nyingine. Kana kwamba sikuwa nikiziba matundu. Akaniletea mipira ya milango ya friji mbovu. Nikaipokea bila kutabasamu. Ikaenea sawasawa, kwa bahati mbaya.

Jioni: 83. Akasema, "Kazi nzuri, mwanyumba." Nani kamuuliza?

Jumatano, 12 Juni

Sasa bati lenyewe linasikika. Linalia kama ngoma. Nimebandika karatasi za lami za kuezekea paa, sakafuni na ndani ya milango. 79! Nikaliacha juani nikanywe chai. Saa saba mchana lami imekuwa uji. Niliingia na buti, nikatoka peku. Buti limo humo mpaka sasa.

Lami inataka kitu juu yake. Kitu kizito, kinene, kinachomeza sauti. Nikawaza huku nimelala, nikitazama ukuta wa hema letu.

Sufu!

Hema lina matabaka mawili ya sufu, manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa. La pili ni la baridi, kiangazi tunalikunja na kulifunga nyuma ya kabati. Linakaa bure hadi Oktoba. Ni sufu nzuri kupita zote bondeni. Mama mkwe aliipiga na kuishindilia kwa mikono yake mwaka tuliooana, nene vidole viwili. Norjmaa alikuwa akikamua. Nikaikata kwa mkasi wa kondoo: sakafu, milango minne, dari, kifuniko cha giaboksi. Bunda nikalifunga tena vilevile, ndani nimejaza turubai kuukuu. Kwa macho huwezi kujua.

72. Ndani kunanuka kondoo, lakini kondoo wa heshima.

Jumatano, baadaye kidogo

Norjmaa amesema anasikia harufu ya sufu. Nimesema ni mimi.

Alhamisi, 13 Juni

Kilichobaki ni matairi. Matairi ya kashata, meno makubwa, yanavuma kama nyuki. Nimefunga yale ya zamani yaliyokwisha meno. Laini kama kipara cha Zundui. 68!

Nimelijaribu kijitoni, pale ninapovuka kila siku kwa jicho moja. Likazama hadi ekseli. Tairi zinazunguka tu, kimya kabisa. Nimekaa ndani ya maji, nikipima. Likiwa limekwama: 51.

Aliyenivuta ni nani? Ni yule yule. Alifunga kamba huku anaimba. Akasema kwa sauti ya kunihurumia kwamba gari la porini bila meno ni kama mzee kwenye mfupa. Nilicheka kwa adabu. Jumapili nitazunguka kwa daraja, kilomita saba zaidi. Sitamwambia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda kwa mama mkwe kumwonyesha.

Utaratibu wetu ni huu. Mimi nikiwa bado ng'ambo ya kilima, kilomita nne, yeye ananisikia. Anafunga mbwa. Anabandika chai, anatia chumvi na maziwa. Nikishuka, bakuli linafuka moshi. Hakuna mkwe mwingine anayepokewa hivyo. Zundui huwa anaikuta chai baridi, nimehakikisha mwenyewe.

Leo nimefika na 68 zangu. Hakuna aliyesikia. Nimezima gari, nimeshuka kwa maringo, na mbwa alikuwa hajafungwa. Paja la kushoto. Meno manne, nimehesabu.

Mama akatoka na mwiko. Akasema, "Ni wewe, mkwe? Nilidhani mwizi wa farasi." Chai hakuna. Hata maji hayajabandikwa.

Nikamweleza kuhusu desibeli ishirini nilizoziondoa. Akauliza huo ugonjwa ni wa kondoo au wa ng'ombe. Nikafafanua. Nikamwambia sasa ndani ya gari langu mtu anaweza hata kuimba. Akalitazama paja langu, akaitazama suruali. Akasema, "Haya mwanangu. Jumapili nitakwenda nawe."

Mbwa yule apewe mfupa.

Jumapili, 16 Juni

Siku yangu.

Mama alimwaga maziwa nyuma ya magari kuibariki safari. Nyuma ya la Zundui, vijiko tisa. Nyuma ya langu, tisa. Lakini vyangu havikujaa.

Akaketi mbele; Norjmaa alikuwa kwa Zundui, na mdogo wake. Akaipapasa sufu ya mlangoni muda mrefu, na kiganja kizima. Kisha ya dari. Alivutiwa, ilionekana wazi.

Nikasubiri aimbe. Kilomita mbili, hakuna ubeti. Nikaona nimchangamshe kwa mazungumzo. Nafasi ya namna hii sijawahi kuipata: ananisikia! Nikamweleza kuhusu gari la Zundui, kwamba ni la kununua. Kuhusu kisima, na zamu ya kisima, na nani aliruka zamu mwaka juzi. Kuhusu dume la farasi, na jinsi Zundui alivyonizidi akili katika biashara yake mwaka 2011. Kuhusu vijiko. Daraja likatuongezea kilomita saba, nikazitumia vizuri. Sikurudia jambo ila pale palipohitaji.

Kwenye kilomita ya arobaini aliomba dirisha lifunguliwe. Upepo ukaingia, 81. Nikamfungia, asipate taabu.

Sherehe ilipendeza. Mkasi wenye kitambaa cha buluu, mama akakata shungi la kwanza, Bilguun akalia, sote tukalamba maziwa. Zundui alimpa mtoto ndama. Mimi nilimpa mwanakondoo na maelezo.

Wakati wa kurudi, nikawasha gari. Nikageuka. Mama alikuwa anapanda kwa Zundui!

Nikamfuata. Nikamuuliza kwa upole, mbele ya watu, gari langu lina kasoro gani sasa. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa bado una maziwa.

"Halina kasoro, mwanangu," akasema. "Miaka kumi na minne nilikuwa naona mdomo wako unacheza, nikidhani unaimba."

Akafunga mlango. Kisha akashusha kioo. Akasema ile sufu yake irudi hemani kabla ya baridi, na aliyeikata ajifunze kukata.

Nikarudi nyuma yao, peke yangu, ndani ya vumbi lao. Gari langu kimya kama kaburi. Ndiyo maana nilisikia kila ubeti. Nyimbo kumi na moja. Zundui anatoka nje ya sauti, ila, nasikitika kusema, kidogo tu.

Jumatatu, 17 Juni

Norjmaa amefungua bunda. Ameliona turubai. Hajasema kitu tangu saa nne asubuhi. Ndani ya hema letu leo: 34.

Nimetafakari usiku kucha, nimeona kosa lilipokuwa. Mama hakunielewa. Na hakunielewa kwa sababu hakunisikia vizuri! Kati ya kilomita ya ishirini na thelathini na tano njia ni ya mawe. Pale kelele hupanda hadi 74, na pale ndipo nilipokuwa nikieleza suala la kisima, ambalo ndilo msingi wa mengine yote. Kakosa msingi. Angeelewaje?

Inatakiwa 60. Zimebaki nane tu. Chini ya kitanda chetu kuna sufu nyingine, nyembamba, hakuna anayeitazama.

Safari ijayo nitaanza tangu mwanzo. Nimeshaandika orodha, ili nisisahau jambo. Inaanzia 2009.