Gemu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Bosi katukusanya wabunifu wote ukumbini. Wachezaji wamelalamika. Gemu yetu mpya, iliyokula miaka mitano na watu mia tatu, ni ile ile ya zamani, ila imeongezwa theluji. Mwanamume mwenye ndevu. Mkewe kauawa. Anapanda minara, ramani inafunguka, anawakata walinzi mpaka wanaisha. Jumatatu ijayo kila mmoja wetu alete wazo jipya. Mwenye wazo bora ataongoza gemu inayofuata.

Miaka kumi na moja nipo hapa, nachora walinzi. Nani humkumbuka mlinzi? Nafasi hii ni yangu.

Wazo limenijia kabla ya chakula cha mchana. Mwanamume asiye na ndevu. Kaka yake kauawa. Mwili wote ulinisisimka.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kaja kukaa nasi wiki mbili. Nilisahau kwenda kumpokea. Kapandisha begi mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Mke wangu hanisemeshi.

Nikafanya ujanja. Nimemkabidhi mama mkwe rimoti ya gemu. Yeye ataburudika, mimi nitapata mtu wa kunifanyia majaribio. Hajawahi kuishika maishani. Kwa dakika arobaini shujaa wetu mwenye ndevu alisimama chini ya paa la ghala bila kujongea. Nikamuuliza kulikoni.

"Mvua inanyesha, baba. Huoni?"

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwenye gemu imekatika. Mama mkwe kafika lango la mji. Nikamwonyesha kitufe cha upanga. Akamtazama mlinzi, yule mwenye kovu shavuni, niliyemchora kwa mkono wangu.

"Huyu kanikosea nini?"

Nikamweleza kuwa ni askari wa adui. Akasema kaajiriwa tu, huenda ana watoto. Akamketisha shujaa kwenye benchi kando yake. Nusu saa! Mlinzi anajua sentensi moja tu: "Nani yuko hapo?" Kila akiuliza, mama mkwe anamjibu kwa upole kuwa ni yeye tena.

Kwenye daftari la majaribio nimeandika: Hafai.

Alhamisi, 6 Machi

Nina wasiwasi na Kimya. Huyu ni dada anayechora ramani, meza yake inatazamana na yangu, na jina hilo tumempa kwa sababu haongei. Leo anaandika huku kaziba karatasi kwa mkono. Nimepita nyuma yake mara saba nikijifanya naenda kunywa maji. Tumbo limejaa maji, sijaona hata neno.

Mpango mpya. Nimemwalika nyumbani kesho baada ya kazi. Chai na biskuti. Mtu akishiba ulimi hulegea.

Ijumaa, 7 Machi

Kala biskuti kumi na moja. Ulimi haukulegea. Nilipomuuliza wazo lake akasema hana. Hana! Mimi nitaamini?

Muda wote kageuza kiti akimtazama mama mkwe, aliyekuwa akitafuta kijiji fulani. Nikamwambia mama apande mnara ili ramani ifunguke. Akasema magoti yake hayawezi, na kwa nini apande wakati watu wa kuuliza njia wapo. Akamfuata mwanamke anayeteka maji kisimani. Mwanamke huyo hana la kusema, maana sisi tulimweka pale kama pambo.

"Maskini," mama mkwe akasema. "Hawakumpa hata salamu."

Kimya akacheka. Sijawahi kusikia kicheko chake. Akasogeza kiti, wakaongea wawili hao hadi chai ikapoa. Paketi mbili za biskuti zimekwenda bure.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi mbele ya kioo. Wazo nimeliboresha: shujaa atakuwa na masharubu. Mke wangu kanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimewahi kumsikiliza mama yake anapocheza. Nikamjibu kila siku, ndiyo maana kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Tulikuwa wabunifu kumi na wanne. Kumi na mmoja walileta mwanamume aliyefiwa. Shujaa wa yule wa tisa alikuwa na masharubu! Nikasimama nikapiga kelele kuwa nimeibiwa. Ilipofika zamu yangu, bosi alikuwa kajishika kichwa. Akataka kujua masharubu yangu yana tofauti gani na yale. Nikasema yangu yamepinda kwa juu.

Mwisho akaja Kimya. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe na viatu vyake vya sherehe. Nikadhani nyumba imeungua. Kimya akasema wazo si lake, ni la mama huyu, na kwamba kamwomba ruhusa ya kulileta. Kisha akaongea kuliko alivyoongea miaka yote. Bibi anavuka nchi yenye vita kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Hapandi mnara, hapigi mtu. Anauliza njia. Kila anayekutana naye ana la kusema, hata adui, na ramani inajichora kwa maneno yao.

Bosi akauliza, bila silaha bibi atamshinda nani?

"Wewe ukienda kumwona mjukuu wako," mama mkwe akamuuliza, "huwa unamshinda nani?"

Bosi akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Wamepewa gemu. Kimya ataongoza, mama mkwe atakuwa mshauri. Wanahitaji mtu wa kuwatungia walinzi maneno, na mama mkwe kanitaja mimi. Kasema yule mwenye kovu alichorwa na mtu mwenye huruma.

Nikakohoa. Ukumbi ule una vumbi.

Jumatano, 12 Machi

Nimejitafakari kwa kina. Nimegundua kosa langu: sikuwa na bibi.

Wenzangu nao wamegundua. Leo wabunifu saba wamekuja na gemu za mabibi. Mmoja ana bibi mwenye mkongojo unaotema moto. Watu hawana haya! Hawajui kubuni, wanajua kunakili tu. Lakini mimi nimewapita wote. Nimempigia simu mama yangu mzazi, nikamwambia nina hamu naye, aje Jumamosi, nimemwandalia gemu. Kauliza jambo moja tu, kama humo ndani wamo watu wanaostahili kuchapwa. Nikamwambia wamo tele. Akasema Jumamosi ni mbali, anakuja kesho.

Bibi anayechapa watu! Wazo safi, halijaguswa na mtu.