Nilivyompikia Mama Mkwe Miso

Leo nimeumbuka, jamani. Tena nimeumbukia jikoni kwangu mwenyewe.

Mimi ni Mtaita niliyeolewa hapa Nyamira, mwaka wa pili huu. Mama mkwe analima majani chai kule Itumbe, na kila akija kututembelea huja na hotipoti yake ya ugali na mboga. (Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na mabonge. Hajasahau.) Hotipoti ile huniuma kuliko matusi. Nikaapa: iko siku mama huyu atakuja mikono mitupu, ale changu!

Basi mwezi mzima nimekuwa najifunza mapishi ya Kijapani kwenye simu. Mwonjaji ni Mogaka, mume wangu (amepungua kidogo, msimuulize). Binamu yangu wa Nairobi akanitumia kopo la miso, lile rojo la soya iliyochachushwa ambalo Wajapani hupikia supu.

Leo saa saba mama akaingia na rafiki yake wa kanisani, Mama Kwamboka. Wote Wasabato wa kweli kweli. Hotipoti mkononi. Mogaka alikuwa ametoka kununua soda.

Nikapakua kwa mbwembwe. Kila bakuli mayai mawili ya kware, meupe pee, na kiduara cha uyoga mweusi juu ya kila yai. Ndivyo dada wa kwenye simu alivyopamba!

Mama akachungulia. "Hii ni nini, mke wa Mogaka?"

"Supu ya miso, mama!"

Wakatazamana. "Amaiso?" akauliza Mama Kwamboka.

(Nikadhani ni lafudhi tu. Nikaamua kuwafurahisha.) "Eee, amaiso!"

"Ya mnyama safi?" mama akauliza polepole.

"Hakuna nyama humo, mama. Ni amaiso tu!"

"Na uliyatoa wapi?"

"Nairobi. Yalikuja kwenye kopo. Hukaa hata mwaka, hayaozi!"

Mama akaweka kijiko chini, akasema tuombe. Moyo ukanidunda kwa furaha. Anabariki chakula changu! Nikafumba macho.

"Bwana," akaomba, sauti ikitetemeka, "mfungue huyu mtoto. Aliyemfundisha mambo haya, mwondoe katika nyumba ya mwanangu."

"Amina!" Sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi.

Hapo ndipo Mogaka aliporudi. Mama akamweleza yote kwa Ekegusii, lugha yao. Soda zikamponyoka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mke wangu," akasema akifuta machozi, "amaiso ni macho!"

Nikatazama meza. Macho sita yakanitazama.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaeleza soya, nikaeleza kware, nikaeleza uyoga. Mama Kwamboka akaonja tone moja, akasema chumvi imezidi. Mama mkwe hakugusa. Akafungua hotipoti, akanipakulia ugali na mboga za chinsaga kwenye sahani yangu mwenyewe, nikala. (Ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaniuma zaidi.)

Akiondoka akanishika mkono. "Mwanangu, Jumapili ijayo nitakuja bila hotipoti."

Machozi yakanilengalenga.

"Lakini unipikie kitu kisichonitazama."

Basi tafadhali msinicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, acheke akiwa amefumba amaiso.