Kiti cha Kumrudisha Bibie Barabarani

Jumatatu, 3 Juni
Balaa. Mke wangu ametangaza kwamba Jumamosi atakwenda kwa dada yake kwa basi. Basi! Mwanamke niliyemchumbia juu ya pikipiki hii hii, mkono mmoja kwenye mkanda wangu, akiniimbia sikioni njia nzima. Eti kiti kimekuwa ubao, kiuno chake hakiwezi tena. Kaka yake alikuwepo. Pikipiki ya shemeji huyu ina kiti kipana kama kochi, na hachoki kukisifia. Akajitolea kumpeleka yeye. Chakula kikanishinda.

Jumanne, 4 Juni
Mbinu imepatikana. Nitaiba vipimo vya kochi la shemeji, kisha nishonewe kama lake. Nimemwalika chakula cha mchana kesho. Mke wangu amefurahi kuona nimeanza kumpenda ndugu yake. Sikumkatalia.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji ananawa mikono, mimi huyo nje na futi ya kushonea ya mke wangu. Urefu, tayari. Upana, tayari. Ulaini haupimwi kwa futi, nikalala kifudifudi juu ya kiti. Hapo ndipo alipotokea. Nikamwambia nasikiliza injini. Akasema injini imezimwa. Nikamjibu ndiyo maana nasikiliza kwa makini. Lakini vipimo ninavyo!

Alhamisi, 6 Juni
Fundi wa makochi aliuliza kama kiti ni cha mtu mrefu. Nikamwambia ashone tu. Jioni nikakifunga, nikapanda. Raha tupu! Nikafika njia panda, nikasimama, nikatafuta ardhi kwa mguu. Ardhi haikuwepo. Nilianguka polepole, kwa heshima zote, mbele ya duka la dawa. Aliyeniinua ni shemeji. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu alikuwa ameshasikia yote. Alitoka na mkoba, nikajua anakwenda kituoni. Akapanda nyuma yangu! Sharti lake moja: akisema simama, nisimame, naye atashuka kwanza aishike pikipiki. Tukasimama darajani. Tukasimama kwa muuza machungwa, tukakaa majanini kumenya. Akanikumbusha jinsi pikipiki ilivyokuwa ikizimika kila kilima, nasi tukipiga soga hadi injini ipoe. Siku moja tulisubiri mpaka mvua ikatukuta, tukajifunika koti langu wawili. Nilikuwa nimelisahau koti lile. Nililipenda sana.
Kisha akasema, "Kiti nilikisingizia tu. Tangu uweke injini mpya hujawahi kusimama. Mimi nilikuwa napenda pale tulipokuwa tukisimama."
Nikammenyea chungwa jingine. Tulipoondoka, nikasikia anaimba. Sauti imezeeka kidogo, wimbo ni ule ule. Nilipunguza mwendo ili usiishe.

Jumapili, 9 Juni
Tuko kwa shemeji wa kike. Safari imefana! Asubuhi nzima nimeyatafakari maneno ya mke wangu, na sasa nimemwelewa kabisa. Ni sponji ya kiti kipya. Sponji ndiyo iliyomwimbisha. Kasoro ni moja tu: tulisimama mno, mpaka tukakuta wenyeji wameshakula. Tukirudi napitia kwa fundi aniongezee tabaka jingine, nene zaidi. Safari ijayo Bibie atakaa raha mustarehe, na hatutasimama hata mara moja.