Marehemu Hajafuta Nafasi Yake

Kwa furaha kubwa, na kwa kuzingatia maslahi ya matumbo yote, uongozi wa Himaya ya Mamba, bustani ya burudani iliyo katikati ya Florida, ulitangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Machi hakuna mgeni atakayeruhusiwa kuona njaa ndani ya uzio bila kuisajili. Usajili ungefanywa siku mia moja na themanini kabla ya njaa yenyewe. Mgeni angechagua mkahawa, saa, chakula, na kiwango cha hamu: Mpango wa Shaba kwa wenye hamu ya wastani, Fedha kwa wenye hamu ya kutosha, na Dhahabu kwa wale ambao madaktari wao walikwisha kukata tamaa. Kila mmoja angepewa bangili ya kugusisha mlangoni. Taa ikiwa ya kijani, una njaa. Ikiwa nyekundu, unajidanganya.

Tangazo hilo liliandikwa na Thurman Biddle, Mkurugenzi wa Idara ya Njaa na Ratiba, mtu mwembamba, msafi, aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni na imani moja moyoni. Kabla yake, watu walikula walipohisi njaa, jambo lililovuruga sana takwimu. Thurman alilikomesha. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja chakula cha bustanini. Alikuja na mkate wake wa yai kutoka nyumbani, akaula saa sita na dakika kumi, mlango umefungwa. Hakuwa na dharau. Refa hapigi mpira, basi.

Mwaka ulipita, mfumo ukaenda kama saa. Kisha, asubuhi moja ya Aprili, simu yake ikalia. Alikuwa Yesenia Maldonado, mhudumu wa mlangoni kwenye mkahawa wa Kifungua Kinywa cha Mfalme.

"Bosi, hebu shuka. Kuna mama hapa ana bangili mbili."

"Hairuhusiwi. Mtu mmoja, bangili moja. Ya pili ni ya nani?"

"Ya mumewe."

"Na mumewe yuko wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia ushuke."

Thurman alimkuta mama wa miaka sabini na minane, kavaa koti la mvua la plastiki na viatu vyeupe vya kutembelea, jina lake Nadine Pokorny, kutoka Cedar Rapids, Iowa. Bangili moja ilikuwa mkononi mwake. Ya pili ameifunga kwenye mkanda wa mkoba. Taa ya mlangoni ilikuwa nyekundu, na nyuma yake watu arobaini walikuwa wakipumua kwa nguvu.

"Mume wangu Leland alifariki Januari," alisema. "Moyo. Alikuwa anazoa theluji uani."

"Pole sana, mama," alisema Thurman, na alimaanisha. "Je, alifuta nafasi yake mezani?"

"Alikuwa na shughuli."

Thurman alifungua kitabu cha kanuni. Sababu zilizokubalika za kutofika mezani zilikuwa nne: kuhara, kimbunga, talaka, na wito wa mahakama.

"Kifo hakimo," alisema.

"Hakimo?"

"Kamati ilikijadili kwa siku mbili. Tukaona kitawavunja wageni moyo."

"Basi nipe meza ya mtu mmoja, baba."

"Meza za mtu mmoja zilijaa tangu Oktoba. Hii ni ya wawili, na mlango haufunguki mpaka wawili watimie."

Yesenia alishindwa kuvumilia. "Bosi, mzee wa watu kafariki! Unataka aletwe na jeneza?"

"Jeneza ni mzigo mkubwa," alisema Thurman kwa upole. "Linaachwa langoni."

Mama Pokorny hakulia. Aliweka mkoba chini, akamtazama mkurugenzi kama mtu anayetazama mashine ya kufulia iliyokwama na nguo ndani.

"Nisikilize, kijana. Nimempikia yule mwanamume miaka hamsini na miwili. Hajui hata kuchemsha yai. Oktoba aliamka saa kumi na mbili alfajiri, akakaa na simu sikioni saa nne nzima, akachagua milo ya siku nne, mmoja mmoja, peke yake. Akaniambia, Nadine, safari hii wewe utakaa, watu watakuletea. Sasa mimi nimekuja kuletewa. Utaniletea au hutaniletea?"

Watu arobaini waliacha kupumua. Thurman alijua kwamba mlango usipofunguka, mfumo utaonekana una kasoro, na kwamba ukifunguka bila kanuni, kasoro itaonekana ni yeye. Alipekua kurasa. Akaipata Kanuni ya 31, aliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya ukaguzi na haikuwahi kutumika: Ofisa wa ngazi ya mkurugenzi aweza kumwakilisha mlaji asiyekuwepo, naye atachukua hadhi, haki na wajibu wote wa mlaji huyo.

Akafungua ile bangili kwenye mkoba, akaivaa. Taa ikawa ya kijani.

"Karibu, Leland!" ilisema mashine ya mlangoni kwa sauti ya mamba mwenye furaha.

Leland Pokorny, apumzike kwa amani, alikuwa na mwili wa mlango wa ghala. Alichagua Mpango wa Dhahabu. Zililetwa chapati za maji sita zenye umbo la mamba, zinaogelea kwenye shira, juu yake mayai matatu, na pembeni soseji zilizopangwa kama kuni. Thurman alikula chapati moja mpaka kwenye mkia, akaweka uma chini. Meza ikapiga king'ora. Mlaji wa Dhahabu alitakiwa kumaliza. Kanuni ya kupunguza makombo, toleo la pili, sahihi ya T. Biddle.

"Kula, baba," alisema Mama Pokorny. "Leland hakuwa mtu wa kubakiza."

Alikula. Wakati anapambana na soseji ya nne, mtu aliyevaa vazi la Mfalme Mamba alikuja na ngoma, akawaimbia wanandoa wimbo wa kumbukumbu ya harusi, akambusu Thurman kwenye utosi kwa taya za sponji. Ilikuwa ndani ya mpango. Leland ndiye aliyeagiza.

"Angekufa kwa aibu," alisema Mama Pokorny, akapangusa macho. "Yule mzee alikuwa mkaidi kama nyumbu. Sijui aliwaza nini."

Siku ya pili waliandikiwa paja la bata mzinga, moja kwa kila mtu, kubwa kama rungu la polisi. Kabla ya hapo palikuwa na foleni ya dakika sabini juani. Thurman alizijua foleni hizo kwenye karatasi, ambako zilikuwa mistari myembamba ya rangi ya buluu. Hakujua kwamba zina harufu. Mbele yake mtoto mmoja alimlilia baba yake kwamba ana njaa, na baba akajibu, kwa uchungu, "Bado, mwanangu. Yako inaanza saa saba kasorobo."

Na hapo ndipo lilipomtokea jambo la fedheha. Ilikuwa saa sita, hakuandikiwa chochote mpaka saa saba, na tumbo lake likanguruma. Lilinguruma kwa sauti, hadharani, bila kibali.

Mama Pokorny alifungua mkoba. "Haya maandazi ya kolache niliyaoka mwenyewe kabla ya kuondoka. Ndani kuna plamu. Chukua."

"Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama."

"Basi usichukue."

Thurman akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaenda nyuma ya pipa la taka lenye umbo la kobe, akala andazi zima kwa kuliuma mara mbili, akajipangusa, akarudi kwenye foleni amesimama wima.

"Una nyingine?" aliuliza bila kumtazama.

Mpaka jioni ya siku ya tatu mkurugenzi alikuwa ameongeza matundu mawili kwenye mkanda na amejua mengi kuhusu Leland: kwamba alikoroma, kwamba aliwahi kubishana na padri kuhusu bei ya mahindi, kwamba jirani akipitia kwao wakati wa chakula hakuulizwa kama amekula, alisukumiwa sahani. Thurman alitaka kusema kwamba utaratibu huo una hatari zake. Akajikuta anauliza zilikuwa sahani za aina gani.

Asubuhi ya siku ya nne alipita ofisini kuchukua kalamu. Kadi yake haikufungua mlango. Aligonga. Akafunguliwa na naibu wake, Coralie Nesbitt, mwanamke makini asiyewahi kupoteza fomu, amefunga utepe mweusi begani. Mezani kwa Thurman palikuwa na maua meupe. Nyuma ya meza, kwenye kiti cha Thurman, palikuwa na sweta ya Coralie.

"Coralie, kadi yangu ina nini?"

"Pole sana kwa msiba," alisema Coralie.

"Msiba wa nani?"

"Wako, mheshimiwa."

Alimweleza taratibu, kama inavyotakiwa kwa wafiwa. Mama Pokorny, siku ya kwanza, aliacha cheti cha kifo kwenye dirisha namba sita la huduma kwa wageni. Cheti kilikuwa halali. Jana kilipitishwa, na mfumo ukamtangaza mlaji mwenye bangili ile kuwa marehemu. Mwenye bangili ile, kwa Kanuni ya 31, alikuwa mkurugenzi, aliyechukua hadhi zote.

"Lakini mimi ni mzima! Nimesimama hapa!"

"Ndivyo unavyodai. Una cheti?"

"Cha nini? Cha kuwa hai? Nani duniani ana cheti cha kuwa hai?"

"Ndiyo tatizo lako," alisema Coralie kwa huruma. "Cha kifo tunacho, na kina muhuri. Wewe ndiye ulitufundisha, mheshimiwa. Mtu anavyojisikia si ushahidi."

Thurman alikaa kwenye kiti cha wageni. Hakuwahi kukikalia, kilikuwa kifupi makusudi.

"Na kanuni zangu? Nani anazisimamia?"

Hapo Coralie aliona haya kidogo. Kanuni za njaa, alisema, zilihitaji sahihi ya mkurugenzi kila asubuhi. Mkurugenzi akiwa amefariki, na maombolezo yakiendelea, zimesimama. Bangili zimevuliwa. Tangu saa moja asubuhi wageni wanaingia mkahawa wowote wakihisi njaa na wanaagiza wanachokitaka.

"Ni vurugu!" alisema Thurman.

"Tulidhani hivyo. Foleni zimeisha. Hakuna mtoto aliyelia tangu saa tatu. Makao makuu wamefurahi mno na kifo chako. Walitupa siku moja ya maombolezo. Saa nne wakaongeza wiki. Sasa hivi wameandika, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo."

Alishuka ngazi kwa miguu, kwa kuwa lifti nayo ilitaka kadi. Nje palikuwa na harufu ya kitunguu kinachokaangwa, na watu wakitembea na vyakula mikononi wakicheka ovyo, bila ratiba. Mtu wa vazi la Mfalme Mamba alikuwa amevua kichwa, anakula aiskrimu kwenye benchi. Thurman alimpita, akazunguka mchana kutwa akitafuta wa kumkemea, na kila aliyemfungulia mdomo alimpa pole kwa kufiwa, akidhani ni ndugu wa marehemu.

Jioni alifika Jumba la Kambare, mkahawa wa mwisho kwenye orodha ya Leland. Mama Pokorny alikwisha kukaa mezani karibu na dirisha, kitambaa shingoni, mikono mapajani, akiletewa. Mlangoni alisimama Yesenia na daftari la kawaida la karatasi, akiandika majina ya watu ili awaite meza ikipatikana. Na pembeni yake, na karatasi mkononi, alisimama Coralie Nesbitt.

"Nimekutafutia njia," alisema Coralie. Alikuwa mtu wa haki, na tangu asubuhi, alikiri, dhamiri ilimwuma. "Mtu aweza kukanusha kifo chake kwa kutamka jina lake kamili mbele ya mashahidi wawili. Mimi na Yesenia tunatosha. Ukitamka, nasaini hapa, na wewe ni hai papo hapo. Kiti chako ni chako."

"Na maombolezo?"

"Yanakwisha. Majiko yanafungwa mpaka watu wasajili upya."

Yesenia alimtazama Thurman. Nyuma yake walikuwa watu kumi na tano hivi: mwanamke mjamzito, babu aliyeegemea kigari cha kusukuma, baba na watoto watatu wenye masikio ya mamba ya kitambaa. Mlango wa jikoni ulifunguka, na harufu ya kambare wa kukaanga na unga wa mahindi ikamfikia Thurman usoni kama mkono wa mtu anayemfahamu.

"Jina?" aliuliza Yesenia, kalamu juu ya karatasi.

Thurman alinyoosha tai. Alifungua kinywa. Alifikiria kiti chake, muhuri, kabati la mafaili ambalo funguo zake alizijua kwa kugusa gizani. Aliifikiria Idara, ambayo bila yeye isingekuwepo, na ambayo bila yeye, hapana budi kukubali, ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

"Mzee, taja jina basi," alisema yule baba nyuma, bila ubaya. "Hawa wamechoka."

Tumbo la Thurman likanguruma. Wote wakasikia.

"Pokorny," alisema. "Leland Pokorny."

Coralie aliitazama karatasi yake, akamtazama yeye, kisha akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Yesenia aliandika herufi kwa herufi, hakucheka hata kidogo.

"Ingia, mzee. Mama yuko dirishani. Utakula nini?"

Katika miaka yake yote ya utumishi, Thurman hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Chochote kilicho moto," alisema marehemu, "na kiwe kingi."