Mama Mkwe, Sabuni na Betri Iliyokata

Heri niwaambie mwenyewe kabla jirani hajawafikia. Leo nimeaibika, na bado masikio yananiwaka.

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa goti. Daktari akasema aoge maji ya moto, baridi asiisikie kabisa. Kwao Kangundo anaishi peke yake tangu baba mkwe atuache, na maji ni ya kuchemsha kwa kuni. Nikajipiga kifua mbele ya ukoo mzima: "Mama aje kwetu Lukenya. Maji ya moto ni saa yoyote. Jua ndilo linafanya kazi!"

(Mimi na mdomo wangu.)

Kweli mitambo niko nayo. Sola juu ya mabati, betri kwa ukuta wa stoo, na nje kuna ule mtambo wa kupasha maji, unaovuta joto kutoka kwa hewa na kulipeleka kwa tangi. Stima ya laini, ile ya nguzo, sikuitaka. Gesi nilimpa shemeji, na maringo juu.

Lakini huu ni Julai. Mawingu yamelalia vilima siku nenda siku rudi. Jua tunalisikia tu kwa redio.

Asubuhi mke wangu ameenda kazini. Nikatangulia kuoga, nihakikishe maji yako sawa. Yalikuwa matamu! Nikaoga mpaka nikaimba. Kisha Mama akaingia bafuni, polepole, na mkongojo wake.

Mara nikasikia stoo inalia: pi, pi, pi. Halafu kimya. Friji kimya. Mtambo wa nje kimya. Betri imekata, na maji ya moto ya tangi nilikuwa nimeyamaliza nikiimba.

"Baba Mwende!"

Ni Mama, kutoka bafuni.

"Baba Mwende, mbona haya maji yamekuwa ya mto?"

Sisi Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani ovyo, sembuse mlango wa bafu. Nikajibu kutoka jikoni, nimegeukia ukuta: "Mama, vumilia kidogo!"

"Niko na sabuni mwili mzima. Na goti limeanza kuuma."

Alisema bila hasira. Heri angenitukana.

Nikampigia fundi.

"Huko kwako jua liko?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi hata mimi sina la kufanya." Akakata. (Yeye pia!)

Ikabaki kwa jirani, Mama Halima, ambaye mumewe anauza ng'ombe. Juzi tu nilimwambia moshi wa jiko lake unachafua sola zangu. Leo nimesimama kwa geti lake na sufuria tupu, naeleza shida yangu huku nimeinamisha kichwa.

"Kwa hivyo leo moshi wangu una kazi?"

Hakungoja jibu. Alibeba birika kubwa, mimi nikabeba jiko lenyewe, makaa yakiwa mekundu. Akaingia kwa Mama, akamsuuza, akamfunga leso na blanketi, akamkalisha barazani karibu na moto. Mama alikuwa anatetemeka, midomo imegeuka kijivu. Nikapiga magoti, nikapepea makaa kwa kifuniko cha sufuria. Machozi yalinilenga. (Semeni ni moshi.)

Ndipo geti likafunguka. Akina mama wa kanisa la Kangundo! Wamekuja kumwona mgonjwa. Na pia kujionea maji ya jua, kwa sababu Mama mwenyewe alikuwa amewatangazia kanisani, kwa fahari.

Kiongozi wao akanitazama, majivu mpaka kwa nyusi. Akalitazama jiko. Akawageukia wenzake, na kwa heshima kabisa akasema:

"Njooni muone. Hii ndiyo ile mashine."

Mama Halima alikimbilia jikoni kwangu akacheke. Mimi nikaendelea kupepea.

Sauti ikatoka ndani ya blanketi: "Mwacheni. Huyu ni mtoto mzuri. Ni jua lilimwangusha."

Hapo ndipo nilimalizika. Kutetewa na mgonjwa uliyemgandisha mwenyewe!

Wageni wamekunywa chai (ya Mama Halima), wameomba, wameenda. Waliniombea mimi kwanza. Mke wangu amerudi, amepita moja kwa moja kwa Mama. Na Mama ameniarifu, kwa upole ule ule, kwamba kuanzia kesho atakuwa anaoga kwa jirani.

Kwa hivyo wewe unayepanga kumkaribisha mgonjwa Julai, liulize jua kwanza kama na lenyewe litakuja. Na atakayecheka, tafadhali, akachekee mbali.