Slaidi Zangu za Utunzaji wa Stoo

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa chuo ametaka kila mwalimu aweke masomo yake kwenye darasa la mtandaoni kabla ya wiki kuisha. Atakayefanya vizuri atafikiriwa kwa ukuu wa idara. Alisema hivyo akimtazama Kalamu, mwenzangu tunayefundisha naye utunzaji wa stoo. Tunamwita hivyo kwa sababu mfuko wa shati lake una kalamu nyingi kuliko duka la vitabu. Kikao kilipoisha alishuka stoo ya chuo kupiga picha rafu na magunia. Eti anatengeneza slaidi zake mwenyewe. Nilimwonea huruma. Mtandao umejaa slaidi za watu, yeye anahangaika na magunia.

Jumanne, 4 Machi
Nimezipata. Somo zima la utunzaji wa stoo, maswali ya kujipima, hadi maboksi yanayojipanga yenyewe kwenye rafu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi madogo madogo: jina la mtu, na habari za hakimiliki. Nani husoma hayo? Nimeufuta, nikaweka picha yangu nimevaa suti ya harusi. Nikamaliza kabla ya chai.
Mkutubi, ndiye anayesimamia darasa la mtandaoni, akaniuliza kama nina ruhusa ya mwenye slaidi. Nikamwambia kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha wote, kama mvua. Akauliza kama hiyo mvua huwa naichota kwenye pipa la jirani. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Wanafunzi wamezipenda. Mkuu kanisifu mbele ya walimu wote. Kalamu akaja taratibu kuuliza nimetumia programu gani kuyapanga yale maboksi. Nikamjibu ni uzoefu. Akatoa kalamu, akaandika. Masikini.

Jumapili, 9 Machi
Chakula cha mchana kwa wakwe. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye ni mwalimu wa utunzaji wa stoo katika chuo kingine. Macho mekundu. Anasema kutengeneza masomo ya mtandaoni kumemmaliza. Nikamshauri, mbele ya wote, aache kujitesa, aige wanaojua. Mimi yangu niliyamaliza asubuhi moja. Mama mkwe akamwambia amsikilize shemeji yake. Akaitikia kwa adabu, akasema angependa kuyaona siku moja. Nikaongezewa nyama.

Jumatano, 12 Machi
Mkuu alialika mtaalamu kutoka nje ya chuo aje kutufundisha zana za mtandaoni na hakimiliki. Mlango ukafunguliwa, akaingia shemeji. Nikafurahi. Mtu wa nyumbani, nikajisogeza kiti cha mbele.
Akaunganisha kompyuta yake. Ukutani maboksi yakaanza kujipanga kwenye rafu.
Ukumbi mzima ukanigeukia. Kalamu akasimama. Hana ubaya yule, na hilo ndilo baya zaidi. Akamweleza mgeni kwa heshima kwamba slaidi hizo ni zangu, na si vizuri kuchukua kazi ya mtu. Mkuu akakunja uso, akamtaka mgeni ajieleze.
Shemeji hakujieleza. Alirudi tu ukurasa wa kwanza. Jina lake lilikuwa pale. Chini yake: mwalimu yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure, mradi ataje jina la aliyezitengeneza. Mstari mmoja. Hicho tu ndicho alichotaka.
"Shemeji," akasema polepole, "hata jina umeninyima?"
Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nikasema ilikuwa hitilafu ya kompyuta. Mkutubi akauliza ni hitilafu gani hiyo inayovaa suti.

Ijumaa, 14 Machi
Ukuu wa idara kapewa Kalamu. Mke wangu ananiwekea sahani mezani na kwenda kula jikoni. Mama mkwe amepiga simu, akaomba azungumze na binti yake tu.
Mkuu amesema ama niandike mwongozo wa hakimiliki kwa walimu wote, uwe mezani kwake Jumatatu, ama mkataba wangu hautaongezwa. Nikakaa. Nikaandika kichwa cha habari. Nikakipigia mstari. Kazi hii haikuumbiwa mtu mmoja.
Bahati nzuri nimeupata mwongozo wa chuo kingine. Umeandikwa na mtu aliyetulia. Kifungu cha tatu kinaeleza kwamba kuchukua kazi ya mwenzako bila kumtaja ni wizi, hata kama hukulipishwa. Kimenigusa sana. Nimekinakili kama kilivyo, pamoja na vilivyokitangulia na vilivyokifuata. Jina la chuo chao nimelibadilisha kila nilipoliona.
Nikawaza: Kalamu sasa ni mkuu wa idara, anaweza kuudandia akajifanya ameuandika yeye. Kwa hiyo mwishoni nimeongeza onyo langu mwenyewe: ni marufuku kunakili sehemu yoyote ya mwongozo huu bila idhini ya mwandishi. Chini yake nimetia jina langu, kwa herufi kubwa.